Etangi ya Mahari

Kasongo, tarehe 5 Agosti 2024

Kwako Latifa,

Hatujuani kwa sura. Mimi ni Safia, muke wa Kassimu, yule aliyeingia katika nyumba ile ulipotoka. Tangu niolewe sikukuandikia, na sikuwa na haja. Leo nakuandikia kwa sababu ya samaki.

Etangi ya kule bondeni, lile bwawa la samaki nyuma ya mashamba ya mupunga, unaijua. Kassimu alinipa iwe mahari yangu, mbele ya mashahidi, siku ya ndoa. Alisema aliichimbisha kwa watu wake, akaijaza tilapia, na kwamba kuanzia siku ile hakuna mutu mwingine wa kuivua ila mimi. Nimeitunza mwaka muzima. Asubuhi napeleka pumba, jioni napeleka pumba. Sasa tangu jua hili likazane, kila asubuhi nakuta samaki wamejaa juu ya maji, midomo wazi, kama watu wanaotaka kusema neno. Na kila asubuhi kuna waliokufa. Wakubwa ndio wanaotangulia. Nawatoa kwa kikapu, nakwenda kuwazika, majirani wananitazama.

Watu wanasema. Na mimi nimeona kwa macho yangu: mama yako, mama Mwavita, kila alfajiri anapita pembeni ya etangi na ndoo yake. Anasimama. Anaangalia maji. Midomo yake inacheza. Kisha anakwenda zake. Nilimuambia Kassimu niliyoyaona, akaniambia siku ulipotoka ulisimama mulangoni ukaapa kwamba hakuna mutu atakayekula samaki wa pale akanenepa. Ni kweli au ni uongo?

Kama ni kweli, umuambie mama yako atoe alichokiweka. Mimi sikukufukuza. Nilikuja nikakuta nafasi iko wazi. Mambo yako na Kassimu uyamalize na Kassimu, samaki wangu muwaache.

Usinipigie simu, simu yangu Kassimu ndiye anayeishika. Jibu umupe Djuma, motari aliyekuletea barua hii kwa pikipiki yake. Anapanda Kabambare kila juma na chumvi na sabuni.

Safia


Kabambare, tarehe 10 Agosti 2024

Safia,

Djuma alinikuta dukani napima sukari. Nilisoma barua yako, nikaikunja, nikamalizana na muteja, kisha nikafunga duka muchana kweupe ili nikujibu. Kwa hiyo nisome vizuri.

Mama yangu anapita pale kwa sababu chemchemi ya maji ya kunywa iko juu ya etangi, na njia ni ile moja. Alikuwa anapita pale kabla Kassimu hajazaliwa. Anasimama kwa sababu magoti yanamuuma. Midomo inacheza kwa sababu anasoma uradi wake baada ya swala ya alfajiri, kama na wewe ulivyofundishwa, kama ulifundishwa kitu. Ukimuita mama yangu muchawi tena, hata kwa kuzunguka, hata kwenye karatasi, nitashuka Kasongo kwa miguu.

Ndiyo, niliapa. Mutu anatolewa nje na sanduku lake, majirani wamesimama, mume anatazama saa. Nilisema: Kassimu, samaki hawa usinenepe nao. Wewe ungesema nini? Ungemuombea shibe?

Anakuambia aliichimbisha kwa watu wake. Watu wake ni mimi. Mimi na mama yangu. Kassimu alikuwa Salamabila, anauzia wachimba zahabu vitenge vya wake zao. Tulichimba kiangazi kizima, mpaka vidole vyangu vikawa havikunjiki kushika tonge. Aliporudi akakuta maji yamekwisha ingia, akasimama pale juu na viatu vyake vyeupe, akawaambia wageni wake, "Mumeona kazi tuliyofanya." Sasa nasikia ameitoa mahari. Jasho langu ameolea muke mwingine, na huyo muke ananiandikia niondoe uchawi.

Nilitaka kumaliza barua hapa. Nimesimama, nimekwenda nyuma ya duka, nimerudi. Samaki hawana kosa.

Sikiliza. Samaki akipumua juu asubuhi, halafu jua likipanda akashuka chini, huyo hakulogwa. Hewa imekwisha ndani ya maji. Maji ya moto hayashiki hewa. Na yakiwa ya kijani kama sombe ya majani ya muhogo, usiku ukijani ule nao unapumua, unagombania hewa na samaki, asubuhi haibaki kitu. Mukubwa anataka hewa nyingi, ndiyo maana anatangulia kufa. Ingiza mukono mpaka kiwiko. Kama huoni vidole vyako, maji yamezidi.

Pumba hizo za asubuhi na jioni, acha. Katika joto hili samaki hali vile. Pumba zinalala chini, zinaoza, na kuoza kule kunakula hewa pia. Unawaua kwa kutaka kuwashibisha. Usiwape kitu mpaka wapate nafuu, kisha uwape kidogo jua likiwa limepanda, kile wanachokimaliza mbele ya macho yako. Samadi ya mbuzi usitie hata konzi moja. Alfajiri ukiwakuta juu, ingia na ndoo, chota, inua, mwaga, piga maji na majani ya ngazi, ule muti wa mawese, mpaka jua litoke. Waliokufa usiwaache walale ndani.

Halafu unijibu: maji ya mufereji yanaingia au hayaingii? Niliyatengenezea mwanzi yaanguke toka juu, yapasuke yakiingia. Yakianguka vile muchana na usiku samaki hawafi. Na migomba niliyopanda upande wa jua kuzama, iko? Maji yale yanataka kivuli saa za muchana.

Sikuandikii hayo kwa ajili yako.

Latifa, mutoto wa Mwavita


Kasongo, tarehe 16 Agosti 2024

Latifa,

Barua yako ina matusi mengi kuliko majibu. Sikukuomba unifundishe dini.

Lakini nimefanya. Nimeingia ndani mpaka kiunoni, muke muzima, napiga maji na majani ya ngazi, wanaokwenda shambani wananicheka. Mwanzoni walikufa kama kawaida, nikakutukana huko uliko. Kisha wakapungua. Sasa naokota wachache tu, na jua likipanda waliobaki wanashuka, kama ulivyosema. Sikushukuru. Nakuelezea.

Mufereji umekauka. Kassimu anasema kijito chenyewe kimekauka, kiangazi cha mwaka huu ni kibaya. Mwanzi wako uko pale pale, buibui ametega ndani. Migomba aliikata, anasema ilikuwa inaleta nyoka.

Nilimuuliza nani alichimba. Alicheka. Alisema Latifa anapenda kujisifu, kazi yake ilikuwa kuwapelekea wachimbaji chai. Kati yenu wawili kuna muongo, na mimi sijakuona hata mikono.

Sasa nikuambie jambo ambalo si la kugombana. Mutoto wa jirani ana homa, na kartie nzima, mutaa wote, imeanza kusema kwamba mama Mwavita amemaliza samaki, sasa amegeukia watoto. Sikuyasema hayo mimi. Mimi nilisema ya etangi tu, ndani ya nyumba yangu. Maneno yametoka yenyewe yakaota miguu. Ijumaa ya tarehe 23, baada ya swala, wanaume watakaa kuongea juu yake, na Kassimu ndiye atakayesimama mbele. Kama mama yako ana mahali pa kwenda, aende kabla. Nakuambia hivyo kama mutu, si kama muke wa Kassimu.

Safia


Kabambare, tarehe 20 Agosti 2024

Safia,

Nimemurudisha Djuma njiani hata mizigo hajashusha.

Maneno hayaoti miguu. Yanabebwa. Uliyasema ndani ya nyumba yako, na ndani ya nyumba yako kuna Kassimu.

Kijito kile kinatoka kwenye chemchemi ile anayoteka mama yangu, hakikauki. Mwaka ule mbaya, muji muzima ulipokuwa unalia, watu walitoka mbali kuja kuchota pale. Wewe mwenyewe unamuona mama yangu kila alfajiri, umeniandikia mpaka midomo yake. Ndoo yake hukuitazama? Anaporudi imejaa au ni tupu? Kama imejaa, maji ameyatoa wapi, mbinguni?

Fuata mufereji. Usimuulize mutu, panda nao tu, upite mashamba ya mupunga, upite lile jiwe kubwa. Maji hayapotei hivi hivi. Kuna mahali yamegeuzwa, na mahali hapo kuna mutu mwenye jembe.

Mimi siwezi kushuka. Wenye bunduki wamefunga njia, Djuma wanamupitisha kwa sababu wanamujua na anawaletea sigara, mwanamuke hapiti. Ingekuwa napita ningekuwa nimekwisha fika, na nisingekuja kuandika.

Uende kuangalia kabla ya Ijumaa. Kisha Ijumaa useme ulichokiona. Sikuombi. Ulimushika mama yangu kwa ulimi wako, umuachie kwa ulimi wako.

Latifa


Kasongo, tarehe 26 Agosti 2024

Bi Latifa,

Kwa heshima zote.

Mimi Kassimu. Nimegundua kwamba barua zinapita kati yako na nyumba yangu bila ruhusa yangu. Ile ya tarehe 20 niliikuta chini ya godoro. Nimeisoma na nimesikitika sana. Muke akiisha achwa, heshima ni kukaa kimya kule aliko. Sikutegemea utaingia kati ya mume na muke wake kwa kupitia samaki.

Juu ya etangi, ni mambo ya hali ya hewa. Hata kwenye radio wanasema dunia imebadilika, jua si lile la zamani. Mimi si Mungu wa kuleta mvua.

Juu ya mama mukwe, na bado namuita hivyo, nafikiri ni vizuri uipate habari kwa mutu wa familia. Ijumaa watu wa kartie walikaa. Mimi nilisema tu kile ambacho kila mutu anasema, sikumushitaki. Baadaye vijana walikwenda kwake, mimi nikiwa nyumbani. Kulikuwa na makelele kidogo. Mulango umeharibika. Yeye mwenyewe alianguka akaumia mukono, lakini yuko muzima, anakula, anaongea. Nilimutumia sukari.

Ushauri wangu wa kikaka: umuchukue, aje kukaa kwako Kabambare. Hapa hatapata tena amani, na mimi siwezi kumulinda kila siku. Njia ikifunguka, moto, yaani pikipiki ya kumubeba, nitaigharimia mimi. Uone kwamba sina roho mbaya.

Kassimu


Kabambare, tarehe 30 Agosti 2024

Kassimu,

Mwanamuke muzee haanguki mulangoni kwake saa vijana wanaupiga mateke. Anaangushwa.

Sukari yako amewamwagia sisimizi, Djuma ameona. Mama yangu hahami. Usiniandikie tena.

Latifa


Kabambare, tarehe 30 Agosti 2024

Safia,

Ulionekana. Djuma ana dada yake anayelima mupunga pale bondeni. Alhamisi, siku moja kabla, alikuona unapanda na mufereji, akakuona unashuka, nguo imejaa matope, humusalimii mutu. Kwa hiyo ulikwenda. Kwa hiyo uliona.

Na Ijumaa ulikuwa wapi?

Nilikuandikia nikiwa na hasira lakini nilikuandikia kama mutu mwenye akili. Nilikueleza maji, nilikueleza hewa. Ulipoambiwa upige maji uliyapiga. Ulipoambiwa uache pumba uliacha. Samaki wako wakapona. Nilipokuomba neno moja kwa ajili ya mama yangu, ndiyo, lilikuwa ombi, nilidanganya niliposema sikuombi, hilo moja ulilimeza.

Amevunjika mukono wa kulia. Ndio ule aliochimbia etangi yako.

Sitaki uniambie uliogopa. Mama yangu naye aliogopa. Alikuwa peke yake ndani, amekaza mulango kwa kinu.

Kama una kitu cha kuniambia, niambie ulichokiona kule juu. Kingine chote, kaa nacho.

Latifa


Kasongo, tarehe 5 Septemba 2024

Latifa,

Nitakuambia vile ilivyokuwa, na ukasirike vile utakavyo.

Alhamisi nilipanda. Kwenye lile jiwe kubwa nikakuta mufereji umezibwa kwa mifuko ya muchanga na udongo, umekanyagwa vizuri, si kazi ya mutoto. Maji yamekatiwa njia mpya, yanakwenda nyuma ya kichaka. Nikayafuata. Kule nyuma kuna shimo la udongo, watu wanakanyaga matope mpaka mapajani, na matofali yamepangwa kwenye jua, mistari na mistari. Walinijua, muke wa mwenye kazi. Mumoja akasema, "Bibi ya patroni, karibu." Nikamuuliza maji wanayapata tangu lini. Akasema tangu mwezi wa saba, patroni aliwaambia kule chini hawayahitaji tena. Mwezi wa saba ndipo samaki walipoanza kufa.

Jioni Kassimu alikuwa anakula. Nikamuambia nimeona matofali.

"Nani alikutuma kule?"

"Miguu yangu."

"Matofali yanakwenda Salamabila, nimekwisha ahidi watu. Samaki utapata wengine."

"Na mama Mwavita? Kesho utasimama mbele ya watu useme nini?"

Akanawa mikono, pole pole, kila kidole. Akasema, "Aliyemutaja kwanza si mimi, Safia. Ni wewe. Ukisimama kesho, utasimama na hilo."

Hapo alinikamata. Ni kweli. Ni mimi niliyekuja nyumbani na maneno ya ndoo na midomo. Yeye aliyaokota tu, yakamufaa. Ijumaa nilikuwa kwa wanawake, nyuma ya mukeka unaotutenga na wanaume, nasikia sauti yake inasema juu ya samaki wangu, na nilinyamaza. Kisha nikarudi nyumbani, na nikiwa jikoni nikasikia mulango wa mama yako unapigwa. Si mbali, unajua. Nilisikia mpaka mwisho. Umeniambia nisikuambie niliogopa, basi sikuambii.

Siku iliyofuata nilikwenda kituo cha afya. Amelala, mukono umefungwa kwenye mbao. Wauguzi walidhani nimekuja kumutukana, wakasimama mulangoni. Yeye akanitazama sana. Akasema, "Wewe ndiye unayepiga maji asubuhi. Unayapiga vibaya. Unasimama katikati, unatibua matope ya chini. Piga ukiwa pembeni." Basi. Nilikaa pale mpaka wakafunga, na kila siku nikarudi, na bado sikusema kitu kwa mutu. Barua yako ya tarehe 30 ilinikuta hivyo. Ile ya kinu.

Nikachukua jembe. Ilikuwa siku ya soko. Nilipita katikati ya soko na jembe begani, na kila mwanamuke niliyemujua nilimuambia, "Twende nikuonyeshe muchawi wa samaki." Unajua watu. Walikuja, hata wanaume, hata mushahidi mumoja wa ndoa yangu, muzee Fadhili, aliacha mizani yake wazi.

Kwenye lile jiwe nilianza kubomoa. Wachoma matofali wakaja, wakaniambia nisubiri patroni. Nikawaambia patroni aje atanikuta. Alikuja kwa moto yake, injini hakuizima hata.

"Safia, rudi nyumbani."

"Nikimaliza."

"Haya maji ni yangu."

"Etangi ni mahari yangu. Mushahidi wako huyu hapa. Mahari ya mutu haikaushwi kwa ajili ya matofali."

"Unataka kuniaibisha mbele ya watu?"

Nilikuwa nimechoka, jasho limeniingia machoni. Nikawageukia watu, si yeye. Nikasema: "Samaki hawakulogwa. Walinyimwa maji, maji haya hapa. Mutu wa kwanza kumutaja mama Mwavita ni mimi, na nilimutaja kwa ujinga wangu. Huyu alijua. Ijumaa alisimama mbele yenu akijua. Mukaenda kumuvunja mutu mukono kwa sababu ya matofali."

Muzee Fadhili akamuuliza Kassimu, "Ijumaa ulijua?" Kassimu akatazama upande wa matofali yake, akasema jua la mwaka huu ni kali. Fadhili akauliza tena, maneno yale yale. Kassimu akapanda moto yake akaondoka, na hapo kila mutu alikuwa amekwisha jibiwa. Mwanamuke mumoja, mama wa kijana aliyepiga mulango, akakaa chini kwenye matope akaanza kulia. Mimi sikumuhurumia. Niliendelea kuchimba mpaka maji yakarudi njia yake.

Yanaanguka toka kwenye mwanzi wako sasa. Nilimutoa buibui. Tangu siku ile hajafa samaki hata mumoja, na asubuhi wanakaa chini, siwaoni.

Baba wa wale vijana wametengeneza mulango. Mutoto wa jirani alikuwa na malaria, amepona. Shefu wa kartie alikwenda kwa mama yako na kofia mukononi, yeye alimuambia asimame nje aseme kwa sauti, majirani wasikie, naye akasema. Kassimu yuko Salamabila. Ametuma neno kwamba nikitaka talaka niombe mimi. Sijaomba, maana mwenye kuomba hurudisha mahari. Nataka aje aitoe yeye mwenyewe, mbele ya wale wale.

Mimi nalala kwa mama yako, kwa sababu kwa mukono mumoja hawezi kuteka maji wala kusonga ugali. Sikuja kwa kuombwa. Siku ya kwanza alinifungia nje, nikakaa barazani. Siku ya pili akaacha mulango wazi, akanigeuzia mugongo.

Musamaha sikuombi kwa karatasi.

Safia


Kabambare, tarehe 12 Septemba 2024

Safia,

Barua yako nimeisoma. Nilitaka hasira ipungue nilipofika pale pa jembe, na kweli ilipungua, kisha nikafika pale pa jikoni, ulipokaa unasikia mpaka mwisho, ikarudi yote. Sijui niiweke wapi. Kassimu namujua, hasira niliyo nayo juu yake ina mahali pake pa zamani. Ile ya juu yako ni mpya, bado inazunguka nyumba nzima.

Mama ametuma neno kwa Djuma. Anasema anaendelea vizuri, anasema hahami, na anasema wewe unapika sombe haina chumvi. Hakusema nikuchukie wala nisikuchukie. Nimemuuliza Djuma mara mbili kama hakusahau kitu.

Njia imefunguka. Nashuka na Djuma, nitafika Jumatano. Usinipokee mulangoni kwa mama yangu kama mwenyeji. Usinipikie. Usiniite dada mbele ya watu, wala pembeni. Nitautazama mukono wa mama kwanza, na sijui nikiisha kuutazama nitakuwa mutu gani, kwa hiyo siku hiyo nipishe.

Juu ya etangi: mbele ya muzee Fadhili na wenzake, mimi nitasema ni yangu, kwa sababu niliichimba. Wewe utasema ni yako, kwa sababu uliolewa nayo. Wote wawili tutakuwa tunasema kweli, na aliyeleta matata hayo atakuwa Salamabila anakunywa chai. Wacha wazee wajitafutie jibu, hilo ndilo deni lao kwa mama yangu. Lakini watakapokuwa wanafikiri, samaki wako ndani, na kiangazi kingine kitakuja.

Kuna kitu sikukuandikia, kwa sababu sikupenda ukijue. Upande ule wa jua kuzama hatukuumaliza. Tulikuta udongo mugumu, nguvu zikatuishia, tukaacha. Maji pale yanafika magotini tu. Jua linaanzia pale kuyachemsha, halafu moto unatembea etangi nzima. Samaki anataka mahali pa kushuka joto likizidi, maji yamufikie mutu kifuani. Bila hivyo hata mufereji ukija vizuri, kila mwaka utakuwa unapiga maji na majani.

Tena ni wengi mno. Tilapia wanazaana kama wamechokozwa. Vua wakubwa sasa, asubuhi kabla maji hayajapata moto, uwagawie watu wa kituo cha afya na yule mama aliyekaa kwenye matope. Ndiyo, na yeye. Waliobaki wapate nafasi ya kupumua. Upande ule tutauzibia tuta, tuukaushe, tuchimbe udongo ukiwa bado mukavu, kabla mvua haijakaza. Machipukizi ya migomba nakuja nayo mimi. Migomba ya huku haiogopi nyoka.

Alhamisi alfajiri nitakuwa pale chini. Jembe langu la zamani liko kwa mama, nyuma ya mulango, kama vijana hawakuliondoa. Ukitaka kuja, njoo na lako. Tutachimba. Kuongea si lazima.

Latifa